Tumfikie mshirika kabla ya kumchangia mazishi

Makanisa mengi ya Nairobi yana moyo mkubwa wa kutoa pale msiba unapotangazwa. Mtu akifariki, kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku huo huo, mweka hazina huteuliwa, na fedha za mochari, jeneza na basi la kwenda mashambani hupatikana hata katika makanisa ya watu wenye vipato vidogo. Ninaushukuru moyo huo kwa dhati. Hata hivyo, naamini kwamba kanisa linalotaka kuwafikia watu wengi zaidi halina budi kuuanza ukarimu huo mapema, wakati mgonjwa angali anaweza kutibiwa na mpangaji hajafungiwa nyumba kwa sababu ya kodi.

Tumezoea kuitenga kamati ya uinjilisti na kamati ya ustawi, kana kwamba moja hushughulikia walio nje na nyingine walio ndani. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, hakituruhusu mgawanyo huo. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakazuka, nao mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema ili wasimamie jambo hilo. Mara tu baada ya habari hiyo, mstari wa 7 unasema kwamba neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Kanisa lile lilisikiliza malalamiko ya wajane, likawapa watu mahususi wajibu wa kuyatatua, na katika hali hiyo likakua.

Sasa tuitazame Jumapili yetu. Mgeni huombwa asimame, hupigiwa makofi, kisha huandika jina na nambari yake ya simu. Mara nyingi ujumbe wa kwanza anaoupata baada ya hapo ni ule unaotumwa kwa watu wote, wenye nambari ya paybill, yaani ya kulipia kwa simu, ya sadaka na ya ujenzi. Mtu aliyehamia mtaa wa Pipeline majuzi, asiye na ndugu hapa jijini, angefaidika zaidi kwa simu moja ya mzee wa kanisa anayekaa mtaa huo huo, akimuuliza amepokelewaje, anafanya kazi gani, na kama ana mtu wa kumkimbilia akiugua usiku.

Kutembeleana nako kunahitaji busara ambayo hatuifundishi vya kutosha. Nimeona akina mama na wazee kumi wakipanda hadi orofa ya sita kumwombea dada aliyetoka hospitalini, wakajaa katika chumba cha futi kumi kwa kumi hadi wengine wakasimama kwenye korido. Mgonjwa, kwa heshima zake, alimtuma mtoto dukani kukopa maziwa na mkate, na vikombe vikaazimwa kwa jirani. Upendo wa wageni wale ulikuwa wa kweli, lakini deni la dukani lilibaki kwa mgonjwa. Watu wawili au watatu wangetosha, wakipiga simu kwanza, wakaja na unga, mafuta na chai yao wenyewe, na mmoja akabaki kufua nguo. Tena, hali ya mgonjwa isitangazwe madhabahuni wala kwenye kundi la simu bila idhini yake, hata kwa jina la maombi.

Lipo pia jambo la bima, ambalo naona linafaa kuwa kazi ya mashemasi. SHA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, Oktoba 2024, na sasa mchango wa mtu asiye na ajira rasmi hukadiriwa kulingana na hali ya kiuchumi ya kaya yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, naye hutarajiwa kuulipa mwaka mzima kwa mara moja. Kwa mama anayefulia watu nguo, shilingi 3,600 kwa mkupuo ni mzigo mzito, lakini shilingi 70 hivi kwa wiki, zikiwekwa pamoja na wenzake katika ushirika wa nyumbani chini ya mweka hazina anayeaminika, zinawezekana. Shemasi mwenye simu nzuri na subira anaweza kuwasaidia wazee kujisajili baada ya ibada. Jirani asiyesali kwetu asikataliwe anapoomba msaada huo, wala asilazimishwe kuhudhuria ibada ili aupate.

Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wakazi wa mabonde ya Mathare na Mukuru walipopoteza nyumba zao, yako makanisa yaliyofungua milango na kugawa chakula na blanketi. Uwezo huo tunao. Tatizo ni kwamba njaa ya nyumba moja haitangazwi kwenye taarifa ya habari, na aliyekosa ibada kwa wiki tatu anaweza asiulizwe na mtu yeyote.

Ndiyo maana naomba kwamba kamati za fedha zinapokaa kupanga makadirio ya mwaka ujao, huduma hii ipewe kifungu chake chenye kiasi kinachojulikana, isiachiwe sadaka ya dharura, na kila ushirika wa nyumbani uwe na watu wawili waliokabidhiwa orodha ya majina, wanaotoa taarifa kwa mchungaji kila mwezi juu ya nani ametembelewa na nani bado.