Kujitoa si kunyang'anywa: kujitoa katika ndoa ya Kikatoliki

Jioni moja ya Julai, baridi ya Uyole, Mbeya, imebana kwelikweli, tulikuwa kwenye sala ya jumuiya nyumbani kwa jirani, kila mtu kakumbatia kikombe cha chai ya tangawizi. Somo lilikuwa Waefeso 5, lile la wake kuwatii waume na waume kuwapenda wake. Mama mmoja anayeuza viazi akauliza: "Mume akichukua hela yote ya lumbesa (magunia ya kujazia) zangu tatu, nikanyamaza, hiyo ndiyo sadaka?" Wazee wakamjibu: vumilia.

Sidhani walikosea kabisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes ya 1965, unafundisha kwamba mtu hajipati kikamilifu ila kwa kujitoa kwa dhati. Papa Yohane Paulo II alilirudia wazo hilo mara nyingi katika katekesi zake za Jumatano, 1979 hadi 1984. Nasi tumeliona kwa macho: mzee wa mtaani kwetu alimwogesha mkewe aliyepooza kwa miaka minne, maji akiyachemsha mwenyewe alfajiri. Wenye kuhesabiana nani kafanya nini wasingefika huko. Kwa hiyo wanaohofia kwamba tukianza kudaiana haki kila ugomvi utaishia kwenye kufungasha mabegi, wana hoja.

Ila turudi kwenye andiko. Aya ya 25, ile ya Kristo "akajitoa kwa ajili yake", wanaambiwa waume. Kwetu mzigo huo umehamia kwa bibi harusi, kuanzia kicheni pati, sherehe ya kumfunda kabla ya ndoa (bwana harusi anafundwa wapi? Sijaona). Mulieris Dignitatem, barua ya Yohane Paulo II ya 1988 kuhusu hadhi ya mwanamke, inasema kunyenyekeana ni kwa wote wawili. Hapo ndipo "vumilia" inapoishiwa nguvu. Ukinyang'anywa hujatoa, kutoa ni pale ambapo ungeweza kukataa, ukaamua kumpa.

Kwenye kipigo sioni hata mjadala. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 hakimpi yeyote haki ya kumchapa mwenzi wake. Kanuni ya 1153 ya Kanisa inaruhusu kutengana penye hatari kubwa ya mwili au roho, na Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia ya 2016, aliandika kwamba wakati mwingine kutengana huwa ni wajibu wa kimaadili. Kifungo cha ndoa kinabaki palepale.

Jioni ile wanaume tulikuwa watatu tu, na mume wa yule mama hakuwamo. Kati yetu tuliosikia swali lake, hakuna aliyesema atampitia mume huyo nyumbani.