Msiniambie Wazungu walizaliwa na utaratibu, hapa Ufaransa ukanali ulikuwa unauzwa

Nina miaka tisa hapa Paris na kauli inayoniuma kila nikipiga simu nyumbani Tanga ni ile ya "huko kwa wenzetu mtu anapanda kwa uwezo wake, sisi huku bila mjomba hupati kitu". Hasira naielewa. Mdogo wangu kafanya intavyu mwaka jana, maswali yote kajibu, mwisho kaulizwa kwa upole kabisa "umetumwa na nani?", kimemo hana, ikaishia hapo. Ila hiyo ya "wenzetu" siikubali, kwa sababu inatufanya tuamini haki iko kwenye damu ya watu fulani.

Nafanya kazi jikoni karibu na Les Halles, na mchana nikipata nusu saa huwa naingia kanisa la Saint-Eustache kupumzisha miguu. Mle ndani kuna kaburi la mtu anaitwa François de Chevert, alikufa 1769, na jiwe lake limeandikwa kwamba hakuwa na ukoo, hakuwa na mali, hakuwa na wa kumshika mkono, yatima tangu utotoni, aliingia jeshini na miaka kumi na moja, na kila cheo alikipata kwa tendo kubwa. Nilisoma mara mbili nikajiuliza, kwa nini hili liwe jambo la kuchongwa kwenye jiwe? Kama lilikuwa la kawaida wasingelichonga.

Ndo nikaanza kufuatilia. Kumbe kwenye jeshi la mfalme kapteni alikuwa ananunua kombania yake na kanali ananunua rejimenti, yaani kikosi kikubwa chenye kombania nyingi, hela taslimu, halafu akichoka anamuuzia mwingine kama mtu anavyouza daladala. Watoto wa vigogo wakawa makanali wadogo mpaka watu wakawaita makanali wa bibu, ile bibu ya kulishia mtoto uji. Kanali yuko Versailles anazunguka karibu na mfalme, rejimenti inaendeshwa na luteni kanali. Na neno luteni lenyewe ni la kwao, maana yake mshika nafasi, anayekaa pale mwenye cheo asipokuwepo, yaani hilo neno tunalitumia kila siku na limebeba habari yote.

Halafu askari hewa! Kapteni alikuwa analipwa kwa idadi ya vichwa, sasa siku ya ukaguzi anaazima watu, wengine vibarua tu wa mtaani, anawavalisha na kuwapanga mstari, mkaguzi akiondoka wanarudi kwao na hela inabaki kwa bwana mkubwa. Nyie mliokuwepo nyumbani 2016 wakati wa sakata la wafanyakazi hewa mnaujua huu mchezo vizuri.

Kilichobadilisha ni watu kukaa na kuandika kanuni, na iliwachukua zaidi ya miaka mia. Louvois, waziri wa vita wa Louis wa 14, aliwabana makapteni kwa ukaguzi mkali na akaupa nguvu umeja na uluteni kanali, vyeo ambavyo havikuuzwa, ili maskini mwenye akili apate njia ya kupita. 1675 ikatoka orodha ya majenerali kwa miaka ya utumishi, nani anamwamuru nani, wale wa koo kubwa wakanuna kweli kweli. 1776 waziri Saint-Germain akaamua kila cheo kikibadilisha mikono bei inapungua robo, mpaka iishe kabisa. Hiyo naipenda sana, hakupiga kelele, alikata robo robo.

Halafu wakarudi nyuma! 1781 ikatoka amri kwamba anayetaka kuanza moja kwa moja kama afisa aonyeshe vizazi vinne vya ukoo wa kikabaila. Masséna, mtoto wa watu wa kawaida tu, katumikia miaka kumi na nne kaishia kwenye vyeo vya chini ya uafisa, kaacha jeshi 1789. Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, akarudi, 1804 ni marshali wa Dola ya Napoleon, cheo cha juu kabisa. Mtu ni yuleyule.

Babu yangu alipigana Burma kwenye jeshi la mkoloni, V tatu mkononi, yaani sajini, na juu yake luteni wa Kiingereza aliyetoka shule juzi. Januari 1964, miaka miwili baada ya uhuru, askari wa kambi ya Colito pale Dar waliasi kwa mishahara na kwa sababu maofisa walikuwa bado Waingereza. Uasi siutetei, watu walikufa. Ila nikisoma habari za Masséna namwona babu.

Na hapa leo si peponi. Ajira ya kudumu serikalini unaingia kwa mtihani, hilo nalisifu kwa moyo wote na nalitaka nyumbani kesho asubuhi, lakini kwa kazi nyingi mimi na paspoti yangu ya Tanzania hata kwenye chumba cha mtihani siingii.

Jana nimemtumia mdogo wangu picha ya lile jiwe na tafsiri. Akauliza huyu mtu aliishia cheo gani. Nikamwambia luteni jenerali, 1748. Umarshali hawakumpa, na jiwe lenyewe linasema hivyo.