Msiue uani: kuishi ndani ya nyumba inayojengwa, Leicester na Dar es Salaam

Nyumbani mtu akihamia nyumba isiyokwisha, majirani wanasema ameishiwa. Huku Uingereza kununua nyumba chakavu na kuikarabati ukiwa ndani ni jambo la kawaida kabisa. Sababu ni ileile pande zote mbili: hakuna anayeweza kulipia makazi mawili kwa mpigo. Dar mtu akishaezeka, akamwaga jamvi la zege sakafuni na kuweka milango miwili, anahama, maana mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Leicester, marejesho ya mkopo wa nyumba yakianza kukatwa, hela ya kupanga kwingine haipo. Ila nasema wazi: pamoja na vifaa vyote vya huku, kuishi ndani ya ujenzi ni kugumu zaidi Leicester kuliko Mbagala, na kinachotofautisha ni uani.

Nyumba nyingi za safu za enzi za Malkia Victoria zina vyumba viwili chini, viwili juu, jiko nyuma, na mara nyingi bafu moja tu linalofikiwa kwa kupita jikoni. Ukibomoa jiko umefunga njia ya choo. Koki kuu ya maji kwa kawaida iko chini ya sinki, kwa hiyo fundi bomba akiifunga asubuhi, nyumba nzima haina maji. Dawa yake ni kuweka koki ndogo ya kufungia kwenye kila tawi la bomba kabla hujang'oa chochote, ili bafu lipate maji huku jiko likiwa vifusi. Nyumbani jambo hili halimpi mtu homa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unahamia uani, ndoo zinajazwa kwenye simtanki, maisha yanaendelea.

Shida kubwa ya huku ni vumbi. Baridi ya Januari haikuruhusu kuacha madirisha wazi, na dari za zamani za fito na chokaa zikianguka zinashuka na masizi meusi ya makaa yaliyokaa humo miaka mingi. Kutundika shuka mlangoni hakusaidii kitu. Kinachofanya kazi ni nailoni nene tabaka mbili. La kwanza libandikwe kwa tepu pande zote nne za mlango, kisha lichanwe wima katikati, mchano uishie kama sentimita 10 juu ya sakafu. La pili libandikwe juu tu, lining'inie na kuufunika mchano. Chini weka taulo lililolowa. Ndani ya chumba kinachobomolewa, elekeza feni nje ya dirisha ili hewa itoke sehemu safi kuelekea sehemu chafu. Hapo angalizo moja ni la uhai: kama nyumba ina moto wa gesi wa zamani unaotegemea dohani, feni hiyo inaweza kuvuta moshi wenye sumu ukarudi ndani, kwa hiyo zima moto huo kabisa. Atakayekata tofali au kupiga msasa avae barakoa ya FFP3, ile inayochuja vumbi laini kabisa. Vumbi la mchanga na saruji haliishii kwenye kikohozi, linaharibu mapafu moja kwa moja.

Halafu kuna sumu zilizolala ukutani. Uingereza ilipiga marufuku asbesto zote, nyuzi za madini zenye sumu zilizotumika kwenye ujenzi, mwaka 1999, kwa hiyo nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa nazo, hata kwenye rangi nzito ya mapambo ya dari. Sampuli ipelekwe maabara kwanza, ndipo nyundo ifuate. Rangi za mbao za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu: usizipige msasa mkavu ukiwa na mtoto mdogo ndani. Na ukuta wa kati, unaotenganisha nyumba yako na ya jirani, ni wa wawili. Ukitaka kuuchimba ili uingize boriti ya chuma, sheria ya mwaka 1996 ya England na Wales inakutaka umpe jirani notisi ya maandishi miezi miwili kabla.

Jiko la muda ndilo linalounguza nyumba za watu. Soketi moja ya huku inabeba ampia 13, yaani wati 3,000 hivi. Birika la umeme peke yake linaweza kuzimaliza zote. Ukichomeka kwenye kebo moja ya kurefushia umeme birika, jiko la sahani moja na maikrowevu, fyuzi ikikatika shukuru. Kebo ya kuviringishwa lazima ikunjuliwe yote, maana ikibaki kwenye gurudumu lake joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka.

Nyumbani nako kuna mambo yanayoniumiza. Watu wanahamia, wanavuta waya wa kurukia chumba hadi chumba, na wiki hiyohiyo fundi anamwagilia lipu maji. Umeme na ukuta uliolowa! Fimbo ya ethi, inayopeleka umeme ardhini, na kinga ya RCD ya miliampia 30, inayokata umeme ukivuja, viwekwe kabla ya taa ya kwanza kuwaka, hata kama swichi nzuri zitasubiri mwaka mzima. Lipu ya saruji inataka unyevu wa siku 7 hivi ndipo ikomae, kisha iachwe ikauke, wiki nne ni salama. Wenye haraka wanapiga skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, na rangi wiki ya pili, baada ya miezi chumvi nyeupe inatokeza na rangi inabanduka kama ganda, kisha lawama anatupiwa fundi rangi. Plasta ya jasi ya Uingereza ni kinyume: haimwagiliwi, inaachwa igeuke kutoka kahawia iliyokoza hadi waridi iliyofifia, ndipo ipakwe rangi ya maji iliyozimuliwa, sehemu tatu za rangi kwa moja ya maji. Ukiikausha kwa hita inaweza kupasuka.

Chumba kimoja kiishe kabisa, hadi rangi na kitasa, kabla cha pili hakijaguswa. Hilo ni la kote, na kiwe cha kulala.

Sasa kwetu tunaotuma hela za ujenzi. Ramani nyingi tunazozituma zimeiga nyumba za huku: jiko limeungana na sebule, vyoo vyote ndani, kiwanja kimejazwa hadi ukutani. Familia inahamia nyumba ikiwa nusu, na inapata adha ya Leicester ndani ya joto la Dar. Mimi naona choo cha nje chenye bafu na jiko la nje la mita 3 kwa 3 vijengwe kabla ya msingi wa nyumba kubwa, na shimo la choo lichimbwe mahali ambapo bomba za nyumba kubwa zitalifikia kwa mteremko. Mafundi watavitumia wakati wa ujenzi, familia itavitumia wakati wa kumalizia, na baadaye jiko hilo litakuwa stoo. Simtanki ipandishwe kwenye mnara mapema, na bomba lake la kushuka ligawanywe mara mbili tangu mwanzo, kila tawi na koki yake: moja la uani, moja la ndani.