Tozo ya korosho na mkulima anayeilipa bila kuiona

Ikifika Oktoba, mazungumzo ya vibanda vya chai pale Mbagala Rangi Tatu hugeuka kuwa ya mnada. Newala wameuza bei gani leo? Ruangwa je? Mabasi ya kusini yanashusha watu wenye habari mbichi, na wenyeji wao huku mjini, wengi wakiwa wamesomeshwa kwa korosho, wanazipokea kama za nyumbani. Halafu hutokea mtu akauliza kwa nini watu wa kusini hawaachi kuidai tozo ya korosho, wakati kila mkoa unalipa kodi na hakuna anayerudishiwa. Swali hilo si la kipuuzi. Ndilo lililoshinda bungeni Juni 2018.

Mwaka huo Sheria ya Fedha ilifuta mgawanyo uliokuwa katika kifungu cha 17A cha Sheria ya Tasnia ya Korosho. Kabla ya hapo, asilimia 65 ya tozo inayokatwa kwa korosho ghafi zinazokwenda nje ilirudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, miche, utafiti, ubanguaji. Asilimia 35 ilibaki Hazina. Baada ya hapo yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walipinga pamoja na wakashindwa.

Hoja ya Hazina ina uzito. Nchi ina mfuko mmoja. Tukianza kusema korosho ni ya Mtwara na Lindi, Geita nayo itadai dhahabu yake, na Dar es Salaam, inayokusanya sehemu kubwa kuliko zote ya kodi ya nchi hii, itauliza kwa nini fedha yake ijenge barabara za mikoa mingine. Kwa hesabu hiyo kusini ndiyo ingeumia. Tena fedha iliyotengewa kazi moja hushawishi wanaoisimamia waione kuwa yao, na matumizi ya fedha za korosho yalikuwa yamezua maswali halali. Yote haya nayakubali.

Ninachokataa ni kuiita tozo hii kodi kama kodi nyingine.

Tuanze na nani anailipa. Kwenye makaratasi ni msafirishaji: asilimia 15 ya bei ya bandarini, au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Lakini mnunuzi wa India au Vietnam haongezi bei kwa kuwa Tanzania imeweka tozo. Huja mnadani akiwa ameshaitoa kwenye hesabu yake. Chukua tani inayouzwa dola 1,500 bandarini: tozo ni dola 225. Dola ikiwa Sh2,500, hiyo ni Sh560 na kitu kwa kila kilo, zaidi ya nusu milioni kwa mkulima mwenye tani moja. Baada ya hapo bado kuna ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, makato ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya chama kikuu na ya ghala. Hayo mkulima anayaona kwenye malipo yake na kuyalalamikia. Tozo haioni, kwa sababu imekatwa kabla bei haijatajwa.

Anayekatwa hivyo alikuwa na ahadi: sehemu kubwa itarudi shambani kama salfa, dawa ya unga inayopuliziwa mikorosho. Anayejua mkorosho anajua maana yake. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukishika maua nawe huna salfa, hakuna korosho, hata mvua iwe nzuri namna gani. Ugonjwa huo, pamoja na bei mbaya na kuhamishiwa vijijini watu waliolazimika kuacha mikorosho yao nyuma, ndio ulioangusha zao hili kutoka tani 145,000 za msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Kusini haijasahau.

Sasa tazama namba ambazo kila nikizirudia zinanikera. Msimu wa 2017/18, wa mwisho kabla ya sheria kubadilishwa, ulitoa zaidi ya tani 313,000. Uliofuata, takriban 225,000. Mwaka 2022/23, 189,000 hivi. Sitaki kuisingizia sheria kila kilo iliyopotea. Mvua zina lake, na msimu wa 2018/19 ulikuwa na msukosuko wake: bei za mnada ziligomewa, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, Jeshi likasomba, na wapo waliosubiri malipo yao miezi mingi. Mkulima ambaye hajalipwa hanunui salfa. Lakini ndiyo sababu hasa mgao ule ulihitajika: ili mwaka mbaya wa mkulima usiwe mwaka mbaya wa mti. Serikali iliporudi kugawa pembejeo za ruzuku, mavuno hatimaye yalipanda, na 2024/25 yakafika tani 528,000. Ukiweka na miche bora iliyopandwa katika miaka ya mgao, ambayo sasa imekomaa, ni vigumu kusema fedha ile ilikuwa ikipotea bure.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Tozo hii iliwekwa ili korosho ibanguliwe hapa, kwa kuwa ghafi inatozwa na iliyobanguliwa haitozwi. Ikiingia yote Mfuko Mkuu, kila kilo inayobanguliwa Mtwara ni mapato ambayo Hazina imeyakosa. Simtuhumu yeyote nia mbaya. Ila bajeti huwa na mazoea yake, na bajeti iliyozoea fedha ya korosho ghafi haitakuwa na haraka ya kuiona ikipungua. Nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua miaka ya 1970 na 1980, vingi vikaishia kuwa maghala, na bado sehemu kubwa mno ya korosho zetu inapanda meli na maganda yake. Ajira ya mwanamke wa Masasi ambaye angekaa kwenye meza ya kubangua inasafiri nazo.

Ruzuku ya sasa ni njema, na wakulima wanaishukuru. Lakini inategemea bajeti ya mwaka na utashi wa aliye ofisini. Mgao wa zamani ulikuwa sheria, na bado ulifutwa kwa kura ya siku moja. Kama Hazina haiwezi kurudisha asilimia 65, basi asilimia inayoiweza ikae kwenye sheria, na hesabu zake zibandikwe kila msimu kwenye ubao wa AMCOS, pale pale inapobandikwa bei ya mnada.