Dingle au Daingean: nani ana haki na jina la mji?

Mwaka 2005 mji wa Dingle, magharibi mwa kaunti ya Kerry nchini Ayalandi, ulivuliwa jina lake la Kiingereza. Serikali iliamuru kwamba katika Gaeltacht, yaani maeneo ambako Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, bado kinazungumzwa nyumbani, ni majina ya Kigaeli tu yatakayotambuliwa kisheria. Vibao vya barabarani vikaandikwa An Daingean. Wenyeji wakaja juu, na katika kura ya mwaka 2006 watu 1,005 wakataka Dingle Daingean Uí Chúis, yaani Dingle la Kiingereza pamoja na Daingean Uí Chúis, jina kamili la Kigaeli. Waliokataa walikuwa 70.

Ni rahisi kuicheka serikali, lakini hoja yake ina uzito. Majina ya huko yanasema jambo. Daingean ni ngome, baile ni makazi, cnoc ni kilima. Yakishaandikwa kwa tahajia ya Kiingereza yanakuwa bubu, au yanadanganya kabisa: dingle kwa Kiingereza ni kibonde chenye miti. Chukua pia "Kil" inayoanza majina mengi ya Ayalandi (haina undugu wowote na Kilimanjaro). Inaweza kuwa cill, kanisa, au coill, msitu. Kigaeli kinazitenganisha, Kiingereza kimezivuruga.

Wafanyabiashara walilalamika kwamba watalii watapotea njia, maana dunia inaujua Dingle, na tena kuna Daingean nyingine katika kaunti ya Offaly. Sawa. Kwangu hiyo si hoja nzito kuliko zote.

Nzito zaidi iko kilomita chache kutoka hapo, katika parokia ya Ventry. Jina lake rasmi la Kigaeli leo ni Ceann Trá, "kichwa cha ufuo". Ila hadithi za zama za kati zinapaita Fionntrá, ufuo mweupe, na ndilo jina lililozaa Ventry. Kwa hiyo kibao cha Kigaeli pekee kinafuta Kigaeli cha kale kilichojificha ndani ya Kiingereza! Endelea hadi Ballyferriter: Baile an Fheirtéaraigh, makazi ya Ferriter, ukoo wa Kinormani, wavamizi wa zama za kati waliotoka ng'ambo. Wenyeji wenyewe wakizungumza Kigaeli hupaita An Buailtín. Jirani kuna Smerwick, jina la mabaharia wa Skandinavia.

Usafi ambao amri ile iliutafuta, basi, haukuwahi kuwepo. Serikali ilikuwa sahihi kukilinda Kigaeli, ila ilikosea ilipodhani kukilinda ni kufuta kingine, tena bila kuwasikiliza wanaokizungumza.

Bunge liliumaliza ubishi mwaka 2011: kwa Kiingereza ni Dingle, kwa Kigaeli ni Daingean Uí Chúis. Jina pekee lililotupwa ni An Daingean, lile la serikali.