Nilivyosajiliwa Kwenye Utafiti Wangu Mwenyewe

Mama yangu yuko Masasi, na mpaka leo hajaridhika na udaktari wangu. Mtoto wa jirani yake ni daktari wa macho, wa jirani mwingine ni wa meno, hao wanaeleweka. Mimi nikimwambia ni bingwa wa magonjwa ya dharura na ajali, ananiuliza, "Kwa hiyo wewe hawajakukabidhi ugonjwa wowote?" Namweleza kwamba fani yenyewe hapa nchini ni changa, kwamba Muhimbili walifungua idara yao ya dharura mwaka 2010 na mabingwa wa kwanza waliosomea hapahapa nyumbani wakahitimu mwaka 2013. Anaitikia kwa huruma, "Haya mwanangu, vumilia, labda na wewe watakupa wako."

Hapa Mtwara natibu, nafundisha na nafanya utafiti. Siku ninayotaka kuisimulia nilitibiwa, nikafundishwa na nikatafitiwa.

Utafiti wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza: mtu akipata ajali, anachukua muda gani mpaka kufika hospitali, na nani anamleta? Swali la pili halihitaji hata dodoso. Kaa mapokezi ya dharura asubuhi moja tu utaona wanaletwa na bodaboda, bajaji, au Noah iliyokuwa inapita na abiria wake. Gari la wagonjwa kazi yake kubwa ni kumhamisha mgonjwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Barabarani anakuokota anayepita. Basi tukaona heri tuwafundishe hao wanaopita. Tukaanza na madereva wa Mikindani: kubana jeraha linalovuja damu, kulinda shingo, kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina kisipungue sentimita 5.

Kwa kukandamiza kifua tulikuwa na mdoli, na huyo mdoli ndiye chanzo cha yote. Kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka kwa wavuvi wa Msangamkuu. Walimpenda, wakampuliza mdomoni kwa zamu bila kulazimishwa. Kisha mzee mmoja akauliza kwa nini uso wake umetulia vile. Mwalimu akiulizwa hujibu. Nikawaambia midoli ya aina hii ilianza Norway mwaka 1960, kwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto aitwaye Åsmund Lærdal, na uso wake ulinakiliwa kwenye kinyago cha binti asiyejulikana ambaye, kwa inavyosimuliwa, aliopolewa amekufa maji katika mto Seine, Paris.

Kimya.

"Maiti?" akauliza mzee.

"Uso tu, mzee wangu. Mwili ni plastiki."

"Na sisi tumempuliza mdomoni."

Hao ni watu wa bahari, wengine wameshaopoa ndugu zao kwa mikono, hawataki mzaha na aliyekufa maji. Walitawanyika mmoja mmoja. Wa mwisho aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule binti alishazikwa.

Kwa hiyo Mikindani nikasema mdoli basi, tutumie mtu hai. Mwanafunzi mmoja wa utabibu akakubali kuigiza majeruhi, lakini asubuhi ya mafunzo akapiga simu: alikuwa amekula mabibo mengi usiku na tumbo halimruhusu kulala chali kwa muda mrefu. Kura ikaniangukia mimi. Sista tuliyekuwa tukifundisha naye akanipaka damu usoni mpaka shingoni: juisi ya rozela iliyokorogwa na uji wa muhogo. Juisi ilikuwa na tangawizi kwa sababu awali aliitengeneza kwa ajili ya kunywa. Nikalala kando ya lami, pikipiki imeangushwa pembeni yangu, na makubaliano yakawa kwamba baada ya dakika mbili Sista atawatoa wanafunzi nyuma ya ofisi ya kata waje wanikute.

Anayejua semina zetu anajua dakika mbili zile ziliishia wapi. Wanafunzi waliambiwa wasaini posho kwanza. Kalamu ilikuwa moja.

Aliyenikuta ni mama muuza samaki, beseni la vibua kichwani. "Nnungu wangu! Ntoto wa watu!" Beseni chini, kanga ikanifunika. Nikafungua jicho moja nikamwambia, "Mama, niko salama, haya ni mafunzo tu."

Akapiga yowe: "Anaweweseka!"

Watu wakajaa. Bajaji ikafunga breki. Nikajaribu kuinuka, mikono miwili migumu ikanibana kichwa kushoto na kulia. "Asiinuke! Shingo! Tulifundishwa, shingo haitikiswi!" Nikamtambua kwa sauti: mwendesha bodaboda niliyemfundisha awamu iliyopita na kumpa cheti kwa mkono wangu. Yeye hakunitambua, uji wa muhogo ulikuwa umeshaanza kukauka. Na nisiseme uongo, alinishika sawasawa. Sikuweza hata kutikisa kichwa kukataa. Mwingine akatangaza, "Simu yake nimeishika mimi," na mpaka leo ameishika.

Tukaondoka, mama kanipakata, beseni la vibua miguuni kwangu, dereva wa bajaji anapiga honi kutoka Mikindani mpaka mjini. Kila nikifungua mdomo mama ananifunika na kanga. "Usiongee baba, okoa pumzi."

Hospitali gani, nitaiacha. Zamu ile walikuwa maintani wapya, hawajanizoea sura, wamenisikia darasani mara moja tu wakiwa viti vya nyuma. Mmoja akaniinamia. "Mzee, unaitwa nani? Unajua uko wapi?"

Nikataja jina langu, nikasema mimi ni daktari bingwa wa dharura, sijapata ajali, na damu hii ni juisi.

Akamgeukia mwenzake anayeandika. "Macho 4. Mwitikio wa viungo 6. Kauli 4, amechanganyikiwa. Jumla 14."

Wasiojua: hicho ni kipimo cha Glasgow cha fahamu, na mwenye fahamu kamili hupata 15. Ile maksi moja naidai.

Nikaanza kupandisha sauti. Akanishika bega, akaniambia kwa upole mkubwa, "Mzee wangu, mgonjwa wa ajali akisema hana kitu, usimwamini mpaka umemchunguza." Maneno hayo niliyaandika mimi ubaoni na kuyapigia mstari. Mkasi ukapita kwenye kadeti yangu mpya kuanzia kifundo cha mguu hadi kiunoni. Kola ngumu shingoni. Kanula mbili kubwa, yaani mirija ya kwenye mshipa, mkono huu na huu, na zilipatikana mara ya kwanza, hongera yao. Muuguzi akanusa hewa. "Dokta, hii damu inanukia tangawizi."

"Andika," akasema intani.

Hapo ndipo akaja kijana na dodoso. Mtafiti msaidizi, ameajiriwa nikiwa safarini Dar, fulana yake ina nembo ya mradi wangu. Akaanza kunisomea fomu ya ridhaa bila kuruka hata nukta: "Ushiriki wako ni wa hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kuathiri matibabu unayopata."

"Najitoa!"

Akaangalia karatasi. "Bado hujajiunga, mzee. Huwezi kujitoa."

Kisha akaona ile 14. Andiko letu, lililopita kamati ya maadili baada ya kurudishwa mara kadhaa, linasema mgonjwa aliyechanganyikiwa ataridhiwa na ndugu wa karibu. "Nani ndugu wa huyu?" Mama wa samaki akasogea bila kusita. "Mimi mama yake." Akaweka dole gumba. Nilisajiliwa.

Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakanigeuza ubavu kukagua mgongo. Wasomaji walio wa fani hii wanajua kinachofuata mgonjwa akishageuzwa, na nilisikia glovu ikivutwa. Nataka niseme kitaalamu kwamba kuna tafiti zinazoonesha kipimo hicho cha kidole hakisaidii sana kwa majeruhi wengi, na tangu siku hiyo nimezisoma zote kwa makini. Siku ile nilisoma Ayatul Kursiyu.

Mlango ukafunguliwa. Matroni.

"Kelele za nini? Hee! Huyu si daktari wetu?"

"Ndivyo anavyosema," akajibu intani, kidole kimeshapakwa jeli.

Nje mambo hayakuwa mepesi. Dereva wa bajaji alikuwa amekalishwa benchi na askari anaulizwa amenigonga wapi. Ilibidi nitoke na shuka la hospitali kiunoni, kola bado shingoni.

"Afande, ajali haikuwepo."

"Haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Na majeruhi je?"

"Ni mimi."

Askari akafunga daftari taratibu. "Msimu wa uraka huu," akasema, yaani ile pombe ya mabibo. Tulitoka kituo cha polisi jioni, na kwenye dodoso letu lipo swali linalouliza kwa nini wapita njia huogopa kubeba majeruhi. Dereva alijibu swali hilo kwa kirefu njia nzima ya kurudi, matusi nimeyaondoa.

Mtakwimu wetu naye alinisumbua. Katika takwimu yumo mshiriki mmoja aliyefika upesi kuliko wote, shingo imeshikwa kama inavyotakiwa, na anataka kujua kama amfute. Nikamwambia aliyeridhia ndiye wa kumtoa. Tulimpata mama sokoni. Akasikiliza, akapanga vibua vyake, akakataa. "Mwanangu niliyemwokoa mwenyewe, leo nimfute?"

Dereva wa bajaji nilimlipa nauli na pesa ya kuoshea kiti, kisha nikamwalika awamu iliyofuata. Alikuja, akasaini posho wa kwanza, akakaa mbele. Nikaanza na swali ninaloanza nalo siku zote: ukimkuta majeruhi barabarani, jambo la kwanza ni lipi? Jibu ni kuhakikisha eneo ni salama, na kitini alikuwa nacho mapajani. Akanyoosha mkono.

"Unamuuliza kama ni mwalimu."

Darasa zima likaandika.