Mafahali Wawili Kinywani Mwangu

Jamani, wewe uliyezaliwa na meno yaliyonyooka, shukuru Mungu na usicheke sana mbele yangu. Mimi mengine yanagombania nafasi, mengine yameachiana mapengo, na yale mawili yaliyo pembeni ya meno ya mbele yametoka viduchu, utadhani yalizaliwa njiti.

Basi nina madaktari wawili. Wa waya anayasogeza. Wa urembo atavivisha hivyo viduchu vinia, yaani vigamba vyembamba vya kauri vinavyogandishwa usoni mwa jino. Mmoja apange, mwingine apambe. Safi kabisa, ila hawaongei! Kila kitu kinapitia kwangu. Na swali huja nikiwa kitini, mdomoni kuna kioo, bomba la kunyonya mate na vidole vya mtu: "Mwenzangu alisemaje kuhusu nafasi?" Nikajibu, "Aah-oo-aa." Akaandika! Mpaka leo sijui aliandika nini.

Nafasi yenyewe ni ya milimita. Wa waya anadai kaacha ya kutosha. Wa urembo kapima, kaguna, anataka nusu milimita zaidi upande wa kushoto. Nusu milimita! Ila ana haki yake: nafasi ikibana, jino litachongwa zaidi ili vinia ikae, na enameli, lile gamba gumu la nje la jino, ikishachongwa haioti tena. Mimi ombi langu ni moja tu, wabishane waya zikiwa bado mdomoni. Maana yule wa waya keshashika koleo. "Leo tunatoa." Nikamdaka mkono: dakta, subiri, mwenzako hajaridhika. Nikatazamwa jicho la nani-daktari-hapa.

Halafu nataka na weupe. Uking'arisha waya zikiwepo, dawa haifiki chini ya vile vibati vilivyogandishwa kwenye meno kushika waya. Vikibanduliwa unabaki na viraka visivyong'aa. Ukingoja mpaka vinia ziwekwe, kauri haisikii dawa, rangi yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo waya zitoke, ning'arishe, nisubiri kama wiki 2 ili gundi ishike vizuri, ndipo vinia. Na huo muda wote meno yanataka kurudi kwao, kwa sababu nyuzi zinazoyashikilia kwenye fizi na mfupa bado zinavuta kule kwa zamani. Dawa yake ni kulala na riteina, yaani kifaa cha kuvalisha meno ili yasihame.

Sasa hapo kwenye riteina ndipo presha inapopanda. Ile ya kwanza itafinyangwa kwa umbo la meno yalivyo siku waya zinatoka. Vinia zikiwekwa, umbo limebadilika, haiingii. Inatakiwa nyingine. Nani aitengeneze? Wa waya: "Aliyebadili umbo." Wa urembo: "Riteina ni mambo ya waya." Mimi napigwa danadana, na meno hayasubiri kikao, yenyewe yanatembea.

Nikakasirika, nikadai barua. Muandikiane! Nani anaanza, nani anafuata, riteina ya nani, na picha za eksirei ziambatane. Wa waya kaandika, kafunga bahasha, kanikabidhi. Nikaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyetumwa ikulu. Wa urembo kaichana, kasoma, kaniwekea mezani nione mwenyewe. Mstari mmoja:

"Kuhusu mpangilio wote, mgonjwa atakueleza."

Akavaa glavu, akavuta taa. "Haya, fungua mdomo, nieleze."